Vifungo Viwili Kichwani Mwangu

Nawasalimu nyote, mlio wazima na mnaosoma haya mkiwa mmelala kitandani. Wanajumuiya wenzangu wameniomba niandike yaliyonipata, kwa sababu wanasema kila nikisimulia kwa mdomo naongeza. Basi leo nimekaa mezani na sitaongeza kitu. Sina haja. Jambo lenyewe kama lilivyo linanitosha kushangaa mpaka siku nitakayozikwa.

Mimi ni Adelina, Mpogoro, mzaliwa wa Mahenge, nimezeekea Ifakara. Ni fundi cherehani pale Mlabani, barazani kwangu mwenyewe. Marehemu mume wangu aliniachia cherehani, binti mmoja anayeitwa Lukresia, na kipande cha shamba la mpunga upande wa Mbingu. Wakati ninaousimulia, miaka ya tisini, nilikuwa nimevuka hamsini na sikujua kuumwa. Nilikuwa nakata kitambaa cha gauni kwa macho tu, bila chaki. Wateja waliniogopa wakiniona na mkasi, lakini walirudi. Sisemi haya kwa kujisifu, nasema ili mjue mkono wangu wa kulia ulikuwa mkono wa namna gani kabla haujaniacha.

Mwaka huo mpunga ulikubali. Mnaolima mnajua kwamba mpunga ukikubali na ndege nao wanakuja kwa furaha. Ikabidi nihamie shambani kuamia ndege. Nikakaa kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ili uone majaruba yote mpaka mwisho wa shamba. Kuanzia alfajiri nilikuwa napiga makopo na kurusha udongo kwa kombeo. Jirani yangu wa shamba alikuwa Mzee Komba, Mngoni, mtani wangu. Kila asubuhi alinitukana kutoka kwenye dungu lake, nami nikamtukana kutoka kwenye langu, na nadhani matusi yetu yalifukuza ndege kuliko makopo.

Siku moja kundi la kweleakwelea lilishuka kwenye jaruba la mwisho. Niligeuka haraka nishuke, nikakanyaga kidato cha ngazi chenye umande, nikaenda chini. Kichwa kikagonga nguzo. Niliona nyota, nikakaa kidogo, kisha nikasimama. Hapakuwa na damu wala nundu ya maana. Komba alicheka mpaka akashika tumbo. Akapaza sauti kwamba Wapogoro siku hizi wanaiva na kudondoka wenyewe kama mapapai. Nikamjibu alichostahili, nikaendelea na ndege wangu. Niliporudi nyumbani niliwasimulia Lukresia na dada yangu mkubwa, Yustina, tukacheka, ikaisha. Hakuna aliyeikumbuka tena.

Nilivuna, nikarudi mjini na magunia yangu kwa treni. Komba alikuwa amechelewa kupanda mpunga wake, kwa hiyo alibaki mbugani akisubiri ukauke. Kumbukeni hilo, kwamba Komba hakuwepo.

Kichwa kilianza kuniuma wiki kadhaa baada ya hapo. Kilikuwa kinauma asubuhi, nikiinama kinazidi, mchana kinapungua. Nikasema malaria. Huku kwetu ukiumwa kidole utasema malaria. Nikameza klorokwini, ikaniwasha mwili mzima nikajikuna usiku kucha, na asubuhi kichwa kilikuwa palepale.

Kipindi hicho nilikuwa nashona gauni la harusi la Lukresia. Washenga walikuwa wameshakuja kutoka Kiberege, watu wa heshima, na mazungumzo yalikuwa yamefika mahali pazuri. Nilitaka gauni ambalo Kiberege nzima italizungumzia. Jioni moja Lukresia alilishika, akalitazama, akaniuliza kwa adabu kama ile ilikuwa fasheni. Nilikuwa nimeshona mkono mmoja ndani nje. Nilikasirika, nikamwambia asinifundishe kazi. Nilipofumua na kushona tena, nilirudia kosa lilelile.

Baada ya hapo ikaja habari ya kandambili. Natembea kwenda dukani, nikifika naambiwa, mama, mguu mmoja peku. Kandambili ya kulia ilikuwa imebaki njiani na mimi sikuhisi. Kisha maneno yakaanza kunipotea. Nataka kusema sindano, nasema kijiko. Nikipewa chai, inanitiririka upande wa kulia wa mdomo. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba fundi ameanza kunywa, mimi ambaye hata togwa nachagua. Usingizi nao ukanivamia. Nilikuwa nasinzia kwenye cherehani na mguu ukiwa bado unakanyaga.

Asubuhi moja niliamka nikatuma mkono wa kulia uvute shuka, haukwenda. Niliutazama ukiwa umelala pembeni yangu kama mkono wa mtu mwingine. Nikataka kumwita Lukresia, ikatoka sauti tu. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa naogopa kufa, sikatai, lakini zaidi niliogopa kubaki vile, hai na bila mkono, nikilishwa uji na mtoto ambaye harusi yake ingevunjika kwa kuniuguza.

Yustina alikuja mbio. Wakanipandisha kwenye karia ya baiskeli ya jirani, jirani akiikokota, Yustina akinishika mgongo na Lukresia akinishika miguu isiburuzike. Tukafika hospitali. Wakanipima damu, hakukuwa na malaria. Wakanilaza.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo penyewe.

Nesi aliyeandika maelezo yangu alikuwa dada mmoja mpole sana, mgeni, mtu wa Kilimanjaro. Aliuliza alichopaswa kuuliza. Alimtazama Yustina akasema, "Mgonjwa amewahi kuanguka?"

Msomaji wa mbali hataelewa, kwa hiyo nieleze. Huku kwetu, kuanzia Mahenge kushuka mpaka bondeni, kifafa ni kingi na watu hawapendi kukitaja. Tunasema fulani anaanguka. Tunasema ukoo ule una kuanguka. Ukishasema hivyo umemaliza, kwa sababu ukoo wenye kuanguka mabinti zake hawaolewi, na watu hawali nao sahani moja. Ni ujinga, najua, lakini ndivyo ilivyokuwa. Na posa ya Lukresia ilikuwa mezani.

Yustina alinyooka kama amechomwa na pini. Akasema, "Hapana. Kwetu hakuna mtu wa kuanguka." Lukresia akaitikia kwamba kweli, mama hajawahi, bibi hajawahi, hakuna. Nesi akaandika hajawahi kuanguka.

Na mimi niliyasikia yote. Usingizi ulikuwa umenifunika lakini swali lilinifikia, na jibu nilikuwa nalo. Niliiona ngazi, umande, nguzo. Nilitaka kusema dungu. Nikakusanya nguvu zangu zote, likatoka, "Du." Nikajaribu tena, "Du, du."

"Anasema dudu," Yustina akamwambia nesi.

Wakanigeuza wakanikagua. Yustina alikung'uta shuka na kupekua chandarua akitafuta huyo dudu. Mama wa kitanda cha jirani akashauri nipewe dawa ya minyoo, kwamba minyoo ikipanda kichwani mtu huongea hivyo. Nililia machozi, wakasema masikini, dudu anamuuma kweli. Leo nacheka nikiandika, lakini siku ile nilikuwa nazama huku watu wangu wananipungia mikono.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamume mwembamba mwenye sauti ya chini. Baadaye aliniambia kwamba sikumtulia akilini. Nilifanana na mtu wa kiharusi, lakini kiharusi huja kwa kishindo, changu kilikuja kwa kunyata. Presha yangu ilikuwa ya kawaida. Mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa haikuwepo kwetu, ilikuwa Dar es Salaam, na kwa hali yangu alijua naweza kufia njiani. Na hakuweza kutoboa kichwa cha mtu kwa kubahatisha. Alirudi akawauliza mwenyewe, kwa upole, kama kweli sijawahi kuanguka hata mara moja. Yustina akajibu kwa ukali zaidi. Alidhani daktari amesikia maneno ya mtaani.

Nikazidi kudidimia. Padre akaja akanipaka mafuta matakatifu. Sikumbuki. Lukresia anasema alianza kulikunja lile gauni na kulirudisha kwenye sanduku.

Ndipo Komba alipotoka mbugani na mpunga wake. Alifika mjini, akaambiwa Adelina yuko hospitali na hali ni mbaya. Akaja vilevile alivyo, na matope miguuni. Mtani haji hospitali kwa unyenyekevu. Mtani anakuja kukutukana, hata ukiwa maiti atakuja kukutukana, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Daktari alikuwa kitanda cha tatu akizungukia wagonjwa. Komba akasimama miguuni pangu, akaanza.

"Wewe Mpogoro, umelala mchana wote huu nani anaamia ndege wako? Tangu siku ile ulivyoporomoka dunguni kama gunia bovu umekuwa mvivu hivi. Mti umekugonga kichwa ukakutoa na akili kidogo uliyokuwa nayo."

Yustina aliniambia kwamba hapo daktari alimwacha mgonjwa wake akaja.

"Mzee, umesema aliporomoka?"

Komba akasema ndiyo, yeye aliona kwa macho yake, alicheka sana. Daktari akauliza lini. Komba akahesabu kwa mpunga, kwamba wa Adelina ulikuwa unaiva na wake bado unachanua. Daktari akauliza ni upande gani wa kichwa uliogonga. Komba akajishika kichwa chake upande wa kushoto, juu ya sikio, na wanasema hapo ndipo kicheko kilipomtoka usoni. Daktari akamgeukia Yustina, wala hakumfokea.

"Mama, mbona mliniambia hajaanguka?"

"Dokta, hajaanguka," Yustina akasema. "Aliteleza tu kwenye ngazi. Kuanguka ni kule kwingine."

Nesi wa Kilimanjaro aliweka mkono mdomoni. Daktari alifumba macho kidogo, kisha akawaita wote karibu akawaeleza. Kwamba mtu akigonga kichwa, hata kidogo, mshipa mdogo unaweza kupasuka ndani na kuvuja taratibu, tone kwa tone, kwa wiki nyingi. Damu inajikusanya kati ya fuvu na ubongo, na kwa kuwa fuvu halitanuki, ubongo unabanwa. Kwamba yeye hahitaji kufungua kichwa. Atatoboa matundu mawili tu, damu itoke.

Yustina alikataa. Ni nani huku aliyewahi kutobolewa kichwa akarudi nyumbani? Akauliza, "Hayo matundu ni makubwa kiasi gani?"

Daktari alitafuta kitu cha kumwonyesha. Akagusa blauzi ya Yustina, ambayo niliishona mimi mwenyewe, akaweka kidole kwenye kifungo kimoja, halafu kwenye kifungo kilichofuata. "Kama hiki," akasema, "na hiki."

Yustina aliviangalia vile vifungo. Anasema alifikiri, kama ni kifungo, Adelina anajua habari za vifungo. Akakubali.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya mpaka leo nikiyakumbuka nisimamishe cherehani.

Hawakunilaza usingizi. Walisema dawa ya usingizi ingeweza kunimaliza. Walininyoa, wakanigeuza kichwa, wakanifunika uso kwa kitambaa cha kijani, wakanichoma sindano za ganzi kwenye ngozi. Zile ziliuma. Baada ya hapo hakuna kilichouma, na hapo ndipo maajabu yalipoanzia, kwa sababu nilisikia kila kitu. Nilisikia keekee, ndugu zangu, kama ya seremala, ya kuzungusha kwa mkono. Niliisikia kwa mifupa na meno, wala sikuisikia kwa sikio. Mtu alikuwa anatoboa kichwa changu na mimi nipo, nasali Salamu Maria kimoyomoyo, nikipotea katikati na kuanza upya. Nesi yule mpole alikuwa amekaa chini ya kitambaa ameshika mkono wangu wa kulia. Kila baada ya muda alikuwa ananiambia nimfinye. Nilikuwa nauona mkono wangu mkononi mwake, nauamuru, haufanyi kitu.

Keekee ikanyamaza. Daktari akasema neno moja kwa sauti ileile ya chini. "Hii hapa."

Sikuiona. Nesi ndiye aliyeniambia. Anasema haikuwa na rangi ya damu tunayoijua, ilikuwa nyeusi na nyepesi kama oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, na iliruka kwa nguvu mpaka ikamlowesha daktari kifuani. Mimi nilichohisi ni wepesi. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Fikiria umebeba gunia la mpunga tangu mbugani mpaka stesheni, halafu mtu kwa nyuma analipokea bila kukwambia. Chumba kilirudi. Taa zilirudi. Nilisikia maji yakimwagwa mahali, nilisikia nzi. Nikajua niko wapi na leo ni wakati gani wa mwaka.

"Mama, nifinye," nesi akasema.

Nikautuma mkono. Ukaenda.

Ukaenda, jamani. Kidole gumba kwanza, halafu vingine kimoja kimoja, kama watoto wanaoamshwa asubuhi. Nilimfinya yule dada nikaendelea kumfinya, nikaogopa kuachia. Nilisikia sauti yake ikitetemeka ikisema, "Dokta, amenifinya." Daktari aliinama kuutazama mkono wangu, na maji yakiwa bado yanatiririka. Nadhani sikuwa peke yangu niliyekuwa nashangaa.

Wakati huohuo lile neno likapanda. Lilikuwa limekaa kooni siku zote zile, na sasa lilitoka zima.

"Dungu," nikasema.

"Tumeshaambiwa, mama," daktari akajibu. "Tulia nikushone."

Nililazwa kiubavu, bila mto, na mpira mwembamba ukitoka kichwani kwenda kwenye chupa. Kwa siku chache kichwa kilivuta na nilikuwa natapika. Mguu ulichelewa kuliko mkono, nikajifunza kutembea kwa kushika vitanda vya wenzangu. Maneno yalirudi yote. Sindano ikawa sindano, kijiko kikawa kijiko. Vipimo vya wateja ambavyo sijawahi kuviandika popote nilivikuta kichwani vimekaa palepale, kifua cha mke wa mwalimu, kiuno cha mwenye duka. Hilo ndilo lililonitia woga kuliko keekee. Nilimwuliza daktari maneno yangu yalikuwa wapi wakati siwezi kuyasema. Alifikiri kwanza, kisha akasema, "Yalikuwepo, mama. Yalikuwa yamekaliwa." Akaniambia ameshafanya kazi ile zaidi ya mara moja, na kila mara mgonjwa akizungumza, yeye mwenyewe anahitaji kukaa chini.

Komba alikuwa wa kwanza kuja baada ya Yustina na Lukresia. Aliingia akinitukana, kwamba sasa nina matundu sita kichwani badala ya manne kama watu wengine na bado sioni vizuri. Hesabu yake ya matundu sikuielewa, nikamwambia aanze na ya kwake, maana masikio hajawahi kuyatumia. Akacheka. Halafu akageukia dirisha, akakaa hivyo muda mrefu, na mgongo ukawa unatikisika. Aliposema tena hakunitazama. "Usije ukanifia wewe. Nitamtukana nani?"

Gauni nilimaliza mwenyewe. Watu wa Kiberege walipata habari kwamba mama wa bibi harusi ametobolewa kichwa, wakaja kuangalia kama ni mzima, nikawavulia kitambaa cha kichwani wakaona. Mmoja wao aliomba kugusa. Harusi ikafungwa kanisani, na Komba akadai kuku wake wa utani mbele ya watu, akapewa wawili.

Namshukuru Mungu, na baada yake nawashukuru daktari na nesi wale, popote walipo. Namshukuru dada yangu Yustina, aliyekana kuanguka kwangu kwa nguvu zote kwa sababu ya kumpenda Lukresia, na aliyekubali nitobolewe kwa sababu ya kifungo. Namshukuru mtani wangu, ambaye sasa amelala kaburini, na kwenye msiba wake nilimtukana mpaka sauti ikakauka, kama ilivyo haki yake.

Ninyi mnaosoma, nawaomba jambo moja. Mtu akigonga kichwa, hata kama amesimama na kucheka, mkumbuke. Akianza kuumwa kichwa baada ya wiki au mwezi, akisinzia ovyo, akiacha kandambili njiani, mpelekeni hospitali mapema, msiseme amelewa wala amelogwa. Na mkiulizwa kama mgonjwa wenu ameanguka, msikimbilie kulinda jina la ukoo. Mwulizeni nesi, kuanguka kupi? Halafu semeni yote mawili, maana hata kifafa ni ugonjwa tu, na wenye nacho ni watu.

Nikipitisha kidole hapa chini ya kitambaa changu nagusa vishimo viwili, vimebonyea kidogo, umbali uleule wa vifungo vya blauzi. Na kama mmekuwa mnajiuliza mwandiko huu wa nani, Lukresia alitaka anisaidie kuandika nikamkatalia. Haya yote, toka salamu mpaka hapa, nimeyaandika kwa mkono wa kulia.